Kuchagua Rangi ya Land Rover Kuukuu ya Chama



Katika ziara zangu za ukaguzi upande wa Mnyuzi nimeulizwa zaidi ya mara moja swali ambalo halimo katika kanuni za fedha: Land Rover kuukuu ya chama, ambayo wanachama wameazimia kuifufua, ipakwe rangi gani? Zamani nilikuwa nikijibu kwamba kazi ya mkaguzi ni vocha, si rangi. Sijibu hivyo tena, na sababu yake nitaieleza, kwa kuwa nami nina fungu langu katika hasara iliyonifundisha.

Chama kimoja cha msingi, kisicho mbali na njia panda ya reli ya Mnyuzi ambapo tangu mwaka 1963 njia ya Ruvu huachana na ile iendayo Korogwe, kina Land Rover pikapu ya Series III, ile ndefu ya inchi 109. Gari hilo limebeba mbegu, magunia, wagonjwa, maiti na maharusi, na hakuna familia katika vijiji vile isiyokuwa na kisa chake. Miaka michache iliyopita wanachama walikubaliana lipakwe rangi upya. Mkutano ulibishana kwa karibu saa mbili. Vijana walitaka nyeusi isiyong'aa, wazee walitaka kijani cha zamani, na Mwenyekiti alitaka buluu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nini kitakachokuwa chini ya rangi hiyo. Ikashinda buluu.

Nilipofika kukagua nilikuta makadirio matatu ya bei kutoka kwa mafundi watatu, muhtasari uliotiwa sahihi, vocha iliyokamilika, na gari linalong'aa hata ukaweza kujitazama humo ukajinyoa ndevu. Nikatia alama ya vema. Misimu miwili ya masika ilipopita, rangi ilikuwa ikibanduka milangoni kama ganda la muhogo uliochemshwa, na chesisi, ambayo ilipakwa nyeusi juu ya kutu, ilikuwa imetoboka nyuma karibu na mahali pa kufungia springi. Fedha za wanachama zilikuwa zimenunua sura nzuri ya muda mfupi tu. Karatasi zote zilikuwa safi. Uchafu ulikuwa kwenye chuma, mahali ambapo mimi sikuinama kutazama.

Sasa chama hicho kinarudia kazi ile ile kwa mara ya pili, na safari hii nimeombwa nieleze kwanza. Nimeona vyema maelezo hayo yawafikie na wengine.

Ili kuelewa kosa lilikuwa wapi, yatupasa kujua gari hili limeundwa kwa nini. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma cha pua kilikuwa kikigawiwa viwandani kwa kipimo, lakini alumini iliyokuwa ikitumika katika ndege ilipatikana kwa urahisi zaidi. Hivyo waundaji waliunda bodi (sisemi Bodi ya chama) kwa mabati ya Birmabright, yaani alumini iliyochanganywa na magnesi, na wakaiweka juu ya chesisi ya chuma. Utaratibu huo haukubadilika katika Series I, Series II, Series IIA na Series III iliyotengenezwa tangu 1971 hadi 1985. Kwa hiyo anayetazama Land Rover moja anatazama madini mawili yenye tabia mbalimbali. Rangi inayoshika vizuri kwenye moja yaweza kukataliwa na la pili. Fundi anayepaka gari zima kwa mkebe mmoja wa rangi ya chini, kama alivyofanya fundi wa chama nilichokitaja, ameshaharibu kazi kabla ya kuulizwa habari ya buluu au kijani.

Tuanze na alumini. Watu husema alumini haipati kutu, na kwa hiyo haihitaji uangalifu. Ni kweli haipati kutu nyekundu, lakini hupata ugonjwa wake, ambao ni unga mweupe unaovimba chini ya rangi na kuinyanyua. Tena alumini ikishasafishwa hujifunika upesi kwa utando mwembamba usioonekana kwa macho, na rangi ya kawaida haishiki sawasawa juu ya utando huo. Dawa yake ni praima ya asidi, ambayo wauzaji huiita praima ya kung'ata, kwa kuwa huuma bati na kulipa rangi mahali pa kushikilia. Hiyo hupakwa nyembamba sana, siku ile ile bati liliposafishwa, si kesho yake. Kisha hufuata praima ya kujaza, halafu msasa wa maji, ndipo rangi ya juu. Bati la alumini lisisuguliwe kwa brashi ya waya wa chuma, maana chembe za chuma hubaki humo na kuanzisha ugonjwa upya. Wala lisipigwe mchanga wa kompresa kwa nguvu, kwani ni laini na hujikunja kama sahani ya bati iliyosahauliwa motoni. Praima nyekundu ya risasi, ile ambayo wazee wetu waliipaka kwenye madaraja na matangi, haifai kabisa juu ya alumini, kwa sababu huichochea iliwe.

Chuma ni habari nyingine. Chesisi, ukuta unaotenga injini na abiria, fremu za milango, na vishikio vya madigadi ni vya chuma, na hapo ndipo gari hufia. Yafaa kugonga chesisi yote kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Chuma kizima hulia, na kilichooza hutoa sauti ya kibuyu chenye ufa. Palipooza pakatwe na kuchomelewa chuma kipya kabla ya shilingi moja kutolewa kwa ajili ya rangi. Kutu iliyobaki isuguliwe hadi chuma kionekane cheupe, ipakwe praima ya fosfati ya zinki au ile nyekundu ya kuzuia kutu, mikono miwili, kisha rangi nyeusi ya chesisi. Ndani ya chesisi mna uwazi kama wa bomba, na maji ya mto na matope ya barabara za mashamba ya mkonge huingia humo na kulala. Tundu za kutolea maji zizibuliwe, na ndani kupulizwe nta au mafuta mazito. Mafundi wengi hutumia oili chafu ya injini. Siwalaumu, maana ni ya bure na inasaidia kiasi, lakini hudondoka mahali pote, huharibu mipira, na hakuna rangi itakayoshika hapo tena mkitaka kupaka siku nyingine.

Mahali ambapo alumini na chuma hugusana, maji yakiingia kati yake hutokea mkondo mdogo wa umeme, na alumini ndiyo inayoliwa. Ndiyo maana chini ya milango na nyuma ya madigadi huoza mapema. Kabla ya kuzifunga sehemu hizo, kila upande upakwe rangi yake kikamilifu, na katikati uwekwe mpira au gundi ya kuziba. Kazi hii haionekani baada ya gari kukamilika, na kwa hiyo ndiyo ambayo fundi mwenye haraka huiruka. Katibu aende mwenyewe gereji siku hiyo.

Kuna pia vile vipande vya kijivu visivyong'aa vinavyozunguka kingo za bodi la nyuma. Hivyo ni chuma kilichochovywa katika zinki, na kiwandani viliachwa hivyo kwa miaka mingi bila rangi. Viacheni. Nimeona gereji zikivipaka rangi ya fedha ili vipendeze, na baada ya mwaka vinafanana na ukuta wa choo cha stendi.

Baada ya kujua chuma, swali la pili ni aina ya rangi, na la tatu tu ndilo rangi yenyewe. Mikutano mingi hulianza la tatu.

Madukani mtakuta aina tatu. Ya kwanza ni rangi ya mafuta ya magari. Hukauka polepole, hivyo vumbi na wadudu huipenda, na kati ya mkono mmoja na wa pili hapana budi kungoja muda ulioandikwa juu ya mkebe. Lakini ina sifa mbili kubwa kwa mazingira yetu: yaweza kupakwa hata kwa brashi nzuri na mtu mwenye subira, na ikikwaruzwa porini yaweza kurekebishwa na mtu yeyote. Ya pili ni selulosi. Hukauka kwa dakika chache, hula tina nyingi, hushika moto upesi, na inasugulika ikang'aa vizuri. Ubaya wake kwetu ni unyevu. Ikipulizwa siku yenye hewa nzito huingiwa na weupe kama maziwa yaliyomwagika. Kadhalika selulosi isipulizwe juu ya rangi ya mafuta ya zamani, maana tina yake itaikunja rangi ile kama uso wa mtu aliyelamba ndimu.

Aina ya tatu ni ile ya mikebe miwili, rangi na kigumishi chake. Ndiyo ngumu kuliko zote, hustahimili jua, petroli na mikwaruzo, na mafundi wa mjini huisifu. Naomba hapa msomaji asipite haraka. Katika kigumishi cha rangi nyingi za namna hiyo mna dawa iitwayo isosayaneti, na mvuke wake ukivutwa huweza kumletea mtu pumu ya kudumu. Mwili ukishaizoea vibaya, hata kiasi kidogo tu siku nyingine humkaba pumzi. Kitambaa puani hakisaidii, wala barakoa ya vumbi. Kinachotakiwa ni kinyago kinacholetewa hewa safi kwa bomba kutoka nje ya chumba, na chumba chenyewe kiwe na feni za kutoa mvuke. Nimeshuhudia kijana wa miaka ishirini na kitu akiipuliza chini ya mwembe, amejifunga kanga ya mama yake usoni, na watoto wa shule wamesimama hatua tano wakitazama. Chama kilichompa kazi kiliridhika kwamba bei yake ilikuwa ndogo kuliko za wenzake. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu kinyago hakikuwamo. Ikiwa gereji haina vifaa hivyo, chama kisiiagize rangi hiyo. Rangi ya mafuta itawatosha, na kwa gari la umri huo ndiyo inayolandana na sura yake.

Neno hili la sura linatuleta kwenye mng'ao. Land Rover za zamani hazikutoka kiwandani zikimetameta kama magari ya siku hizi yenye mpako wa juu wa uwazi kama kioo. Zilikuwa na mng'ao wa wastani, na baadhi ya zile za jeshi hazikung'aa kabisa. Mng'ao mkali huonyesha kila bonde la bati, na hakuna Land Rover iliyobeba magunia kwa miaka arobaini isiyokuwa na mabonde. Fundi akitaka kuyaficha hujaza puti nene, na puti nene katika gari linalotikisika kwenye barabara zetu hupasuka. Rangi isiyong'aa kabisa nayo ina taabu yake, kwani hushika mafuta ya mikono na matope, na haisuguliki bila kuharibika. Kwa kazi za chama, mng'ao wa kati ndio ninaoupendekeza.

Hapo sasa tuzungumze rangi zenyewe.

Land Rover za mwanzo kabisa zilitoka kwa rangi moja tu, kijani hafifu, na inasimuliwa kwamba rangi hiyo ilikuwa masalio ya ghala za ndege za vita. Baadaye kikaja kijani kizito kiitwacho Bronze Green, ambacho wengi wetu tukifumba macho na kutaja Land Rover ndicho tunachokiona. Katikati ya miaka ya 1950 ziliongezwa buluu na kijivu, na katika miaka iliyofuata mchanga, nyekundu, na ile nyeupe yenye umanjano kidogo iitwayo Limestone, ambayo mara nyingi ilipakwa paa na ringi za magurudumu huku bodi likiwa na rangi nyingine. Range Rover ilipozinduliwa mwaka 1970 mojawapo ya rangi zake iliitwa Masai Red. Jirani zetu wanaopita Handeni na ng'ombe wao hawakuulizwa, lakini sina shaka waliocheka walicheka kwa haki.

Msinunue rangi kwa kusema "kijani". Kijani ni neno la mashairi. Bronze Green inakaribiana sana na namba 224 katika orodha ya viwango vya Uingereza iitwayo BS 381C, na muuzaji mwenye mashine ya kuchanganya atawapa kwa namba hiyo leo, na atawapa ile ile mkirudi baada ya miaka mitano kupaka mlango mmoja uliogongwa. Namba hiyo iandikwe katika muhtasari wa kikao pamoja na aina ya rangi na jina la mtengenezaji, na mkebe wenye kibandiko utunzwe ofisini. Kwa pikapu ya inchi 109, lita nne hadi tano za rangi ya juu aghalabu hutosha mikono miwili. Anayewaandikia lita kumi na mbili aulizwe anapaka magari mangapi.

Wanachama wengine watasema kwamba chama ni chao na rangi waipendayo ndiyo itakayokuwa. Ni haki yao. Lakini kuna mambo manne ambayo mazingira yetu yanayasema, na mkutano ufanye vyema kuyasikia.

La kwanza ni jua. Nyekundu hupauka mapema kuliko nyingine, na nyeusi hupasha chumba cha dereva joto kupita kiasi. Paa jeupe si mapambo. Hurudisha joto, na ndiyo sababu magari ya aina hii yaliyokusudiwa nchi za joto yaliwahi hata kuwekewa paa la pili juu ya lile la kwanza ili hewa ipite katikati. Hata mkichagua kijani kizito bodini, pakeni paa jeupe.

La pili ni udongo wetu mwekundu. Juu ya Limestone huacha doa ambalo sabuni husukuma tu huku na huku. Kijani kizito kinapolala vumbi huonekana kichafu siku ya kwanza. Rangi ya mchanga ndiyo inayosamehe zaidi, ijapokuwa nakiri haina mvuto machoni mwa vijana.

La tatu litawashangaza wengine. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi. Wataalamu wanaowatega hushona mitego kwa vitambaa vya rangi hizo mbili, kwa sababu wadudu hao huziendea. Vichaka vya upande wa Handeni na vile vya kuelekea pwani ya Saadani vimejulikana kwa mbung'o muda mrefu. Dereva wa chama nilichokitaja aliniambia, kabla sijalisoma jambo hili mahali popote, kwamba tangu gari lilipokuwa buluu amekuwa akisafiri na "abiria wasiolipa nauli". Nilidhani anafanya mzaha.

La nne ni thamani. Mwezi Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha katika tamasha lao, na tangu hapo wanunuzi wamekuwa wakipita vijijini wakiuliza bei. Mnunuzi anayejua gari hutafuta lile lililobaki katika hali yake ya kiwandani, au lililorudishwa katika hali hiyo kwa uaminifu. Simaanishi kwamba gari liuzwe. Nasema kwamba ikiwa siku moja wanachama wataamua hivyo, rangi ya asili itakuwa upande wao katika majadiliano.

Rangi ya asili hutafutwa namna gani? Hapa ndipo kazi ilipotupa jambo ambalo hatukulitazamia. Jua na wapaka rangi hawafiki kila mahali. Tazameni chini ya kiti, nyuma ya dashibodi, chini ya kile kibao cha kufungia gurudumu la akiba juu ya boneti, na nyuma ya kitasa cha mlango. Halafu chagueni mahali pamoja pa tambarare, msugue taratibu kwa msasa laini wenye maji, duara la ukubwa wa kisahani, kila tabaka lionekane ukingo wake. Msisugue pakavu, wala msichome rangi kuukuu kwa moto. Rangi za miaka ile mara nyingi zilikuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu, zaidi kwa watoto na kwa mama wajawazito. Matope ya msasa yakusanywe, yasimwagwe shambani wala mtoni.

Tulifanya hivyo kwenye mlango wa kushoto, mbele ya Katibu na wazee watatu. Ilitoka buluu tuliyoipaka sisi, kisha kijivu, kisha nyeupe chakavu, na chini kabisa kijani. Lakini katika kijivu yakaonekana maandishi. Bibi mmoja, mwanachama tangu ujana wake, alivaa miwani, akainama, akasoma herufi chache: lilikuwa jina la kijiji, si la chama. Kijana mmoja akauliza kama gari liliibwa. Yule bibi akamjibu, "Halikuibwa, mwanangu. Sisi ndio tulioibwa jina."

Vijana wengi hawaijui habari hiyo. Sheria ya mwaka 1975 ilivifanya vijiji kuwa vyama vyenyewe, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, hadi sheria ya mwaka 1982 ilipovirejesha. Katika miaka ile mali za vyama vya msingi zilibadilisha maandishi zikiwa pale pale zilipo. Tuliposugua mbele zaidi, chini ya kijivu, juu ya kijani, tukakuta maandishi meupe ya zamani yaliyopakwa kwa mkono: jina la chama. Wazee walikaa kimya kidogo. Hakuna daftari la mali la miaka hiyo lililosalia katika ofisi ile. Nililitafuta mwenyewe katika kila kabati. Mlango ule ndio hati pekee inayoonyesha kwamba gari lilikuwa la chama kabla ya kuwa la kijiji, na sisi tulikuwa tumeufunika kwa buluu mara moja, na tulikuwa karibu kuukwangua wote.

Kwa hiyo nashauri kila chama kisiruhusu gari lisuguliwe kabla ya kupiga picha za matabaka hayo na kuziingiza katika faili la mali. Chama hiki kimeamua duara lile la mlangoni lisiguswe. Litapakwa mpako wa uwazi juu yake na kuachwa lionekane. Fundi hakupendezwa, akasema litaharibu kazi yake. Alielezwa kwamba kazi ni ya chama.

Katika mambo ya ofisi, nitataja machache tu. Kadi ya usajili huandika rangi ya gari, hivyo mabadiliko ya rangi hayana budi kupelekwa Mamlaka ya Mapato kadi irekebishwe, la sivyo dereva atapata usumbufu barabarani. Gharama ya kupaka rangi ni matengenezo ya mwaka ule. Isiongezwe kwenye thamani ya gari katika mizania ili hesabu zipendeze. Katika mkataba wa fundi kazi igawanywe sehemu tatu, na malipo yafuate sehemu hizo: kuchomelea na kusafisha, praima, na rangi ya juu. Baada ya kila sehemu, Katibu na mjumbe mmoja wa kamati wakague na kutia sahihi kabla ya kulipa. Ukisubiri kukagua mwisho utakagua rangi ya juu tu, kama nilivyofanya mimi.

Majira nayo yazingatiwe. Kwetu chini ya milima ya Usambara, miezi ya masika na ya vuli si ya kupaka rangi. Juni hadi Septemba hufaa, na Januari na Februari pia, mradi fundi angoje umande ukauke asubuhi na aache kazi kabla jua halijashuka. Bati likiwa la moto hata mkono hauvumilii, rangi itakauka juu kabla ya kukauka chini, nayo itapasuka.

Mkutano wa pili wa chama kile ulichukua dakika arobaini. Bodi la gari litakuwa Bronze Green ya mafuta yenye mng'ao wa kati, paa na ringi Limestone, chesisi nyeusi, na kingo za zinki zibaki kama zilivyo. Vijana waliotaka nyeusi walishindwa kwa kura chache, wakapewa kazi ya kusimamia msasa. Ninapoandika haya chesisi imeshachomelewa na kupakwa praima, na milango iko tayari kwa praima ya asidi. Limebaki jambo moja ambalo kamati haijakubaliana: jina la chama liandikwe mlango wa kulia kwa herufi za kisasa za kubandika, au yule mzee mwandishi wa mabango aliyeko Korogwe aitwe aandike kwa brashi, kwa kufuatisha herufi zilizoonekana kushoto. Herufi za kubandika ni rahisi zaidi. Nimewaomba wasiamue kabla mzee huyo hajaja kuuona mlango.